Noti ya kwanza inaponisaliti: kuanza kwa sauti ndogo kwenye tarumbeta

Msomaji anauliza: "Mwalimu, napiga tarumbeta mwaka wa nne sasa. Nikipuliza kwa nguvu sina shida, lakini kwenye sauti ndogo noti ya kwanza hunisaliti. Mara husikika upepo mtupu, 'fff', halafu noti inafuata imechelewa. Mara nyingine inaruka kwa kishindo kana kwamba nimeipiga teke. Kuna wimbo wa polepole tunaoufanyia mazoezi: nakaa kimya vipimo 24 vya muziki, kisha naingia peke yangu na E ya nafasi ya nne, alama ni pp, yaani sauti ndogo sana. Juzi ilitoka safi mara moja kati ya tano. Nifanye nini na ulimi wangu?"

Ndugu yangu, nianze na mwisho wa swali lako, maana hapo ndipo tatizo lilipojificha. Unauliza ufanye nini na ulimi. Ukishaamini kwamba ulimi ndio unaoanzisha noti, basi noti ikigoma utauongezea ulimi nguvu, nayo itatoka kwa kishindo. Ukiogopa kishindo utaulegeza, na noti haitatoka kabisa. Utabembea hivyo miaka na miaka. Noti huanza pale pumzi inapoikuta midomo iko tayari. Ulimi ni mlango, na mlango haumsukumi mgeni aingie. Hufunguka tu, mgeni akapita.

Sijalitunga hili mimi. Jean-Baptiste Arban, Mfaransa aliyekuja kufundisha koneti, ndugu mdogo wa tarumbeta, katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, aliliandika katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1864: tunasema "pigo la ulimi" kwa mazoea, lakini ulimi haupigi kitu, unarudi nyuma, ukifanya kazi ya vali, yaani kifaa cha kufungua na kufunga njia ya hewa. Miaka zaidi ya 150 imepita na bado wanafunzi wangu wanapiga.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Nikisema noti ya juu au ya chini, nazungumzia kimo chake kwenye mistari. Nikisema sauti kubwa au ndogo, nazungumzia nguvu yake. Na mausipisi ni kile kikombe cha chuma tunachokibandika midomoni.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya bomba. Tarumbeta la kawaida, ukilinyoosha, lina urefu wa kama mita 1.4. Midomo inapoanza kutetema, wimbi la msukumo linakwenda hadi kwenye mdomo mpana wa mbele, sehemu yake inarudishwa, na ikifika tena midomoni ndipo inapoisaidia midomo kushika mwendo wake. Safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua kama sehemu 8 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Utasema huo ni muda gani wa kuuhangaikia? Lakini kwa G ya mstari wa pili, midomo inakuwa imeshatetema karibu mara tatu kabla msaada haujafika. Kwa E yako, karibu mara tano. Mitetemo hiyo ya kwanza midomo iko peke yake, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba anayoijua. Ikiwa imejiweka kwenye kimo kisicho chake, wimbi linaporudi linaikuta inakwenda mwendo mwingine, wanagombana kidogo, na ugomvi huo ndio ule mkwaruzo unaousikia kabla noti haijatulia. Ndiyo maana kadiri noti inavyopanda ndivyo inavyokuwa vigumu kuianza kwa usafi: kazi ya midomo ikiwa peke yake inaongezeka, na noti jirani zinazotoka kwa vidole vilevile zimesogeleana. Juu ya E yako iko G, chini yake C, zote hazihitaji kubonyeza vali, vile vitufe vya vidole. Ukikosea kidogo unaangukia kwa jirani.

Ukipuliza kwa nguvu, haya yote yanafichika. Pumzi nyingi huilazimisha midomo kutetema hata ikiwa mwanya kati yake ni mpana na pembe za mdomo zimelegea. Kwenye pp hakuna ziada ya kufichia. Kila mwanya una kiasi cha msukumo ambacho chini yake hautetemi, na mwanya ukiwa mpana kiasi hicho kinapanda. Kwa hiyo ile "fff" inakwambia kwamba midomo ilikuwa wazi mno: pumzi ilipita katikati bila kuiamsha, hadi ulipoongeza. Na kile kishindo kinakwambia kwamba ulifungia pumzi nyuma ya ulimi, ikajaa, ulipofungua ikafumka. Ni maradhi mawili, na mara nyingi humpata mtu mmoja, kwa kuwa la pili ni dawa mbaya ya la kwanza.

Jipime leo, kabla hujafanya lolote. Piga G ya mstari wa pili kwa sauti ndogo bila ulimi kabisa, kwa pumzi tu, kama unasema "hu". Rudia mara kumi. Noti ikitoka papo hapo mara nyingi, midomo yako ni mizima na ulimi ndio mkorofi. Ikichelewa mara nyingi, uache ulimi kwanza. Una kazi ya kufanya mbele yake. Kwa ulivyoeleza nakuona kwenye kundi la pili, na nitaendelea kana kwamba ndivyo.

Zoezi ninalolitegemea kuliko mengine yote naliita kuanzia mwisho. Shika hiyo G kwa sauti ya kawaida, isiyo kubwa wala ndogo. Ikishatulia, anza kuipunguza, polepole mno, mapigo manane au kumi, hadi ibaki uzi. Usiikate. Iache ife yenyewe. Hapo karibu na kufa, sikiliza na uhisi: midomo imesogeleana, pumzi ni nyembamba lakini bado inatembea, pembe za mdomo zimekaza kiasi cha kuizuia midomo isimwagike, katikati pako laini. Hiyo hali, ile ya nusu sekunde kabla noti haijazimika, ndiyo hali unayotakiwa kuwa nayo unapoanza. Mwili wako tayari unaijua; unaifikia kila unapomaliza noti vizuri. Tatizo ni kwamba wakati wa kuanza unatengeneza mdomo mwingine, mpana, ule wa sauti kubwa, halafu unatumaini kupuliza kidogo kutatosha.

Kwa hiyo noti ikizimika, usiondoe mausipisi. Usibadilishe chochote. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, huku midomo imebaki palepale, kisha anza tena kwa "hu" kutoka hapohapo ilipofia. Mara ya kwanza haitatoka, au itatoka imekwaruza. Ongeza pumzi kwa unywele tu, hadi ishike. Ikishika, ikuze kidogo, irudishe, iache ife, vuta pumzi kwa pua, anza tena. Mizunguko minne au mitano, kisha weka tarumbeta chini na upumzike kwa muda uleule uliopiga. Kuvuta kwa pua ni kwa zoezi hili tu, ili mdomo usivurugike. Ukishauzoea mwanya huo utarudi kuvuta kwa pembe za mdomo kama kawaida, na kazi itakuwa kurudi kwenye mwanya uleule kila mara.

Kuna sharti moja katika zoezi hili ambalo watu wengi hulikimbia: kubali noti isitoke. Ukisikia haitoki, mkono wa msaada ni ulimi, na ulimi utakuja wenyewe kukuokoa kwa kadundo kadogo. Ukataze. Chumbani hakuna msikilizaji. Noti iliyogoma inakufundisha jambo (mwanya mpana, pumzi haijafika, kimo si chenyewe), na ile iliyookolewa kwa ulimi haikufundishi kitu. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwa siku tisa alipuliza upepo mtupu karibu kila jaribio, akakaribia kuacha. Siku ya kumi G ilitoka bila mlango wala hodi, nyembamba na safi, naye akashtuka akaitoa mausipisi mdomoni kuitazama.

Pumzi sasa. Watu wakiambiwa sauti ndogo, huvuta pumzi ndogo, kisha huishikilia. Mambo yote mawili yanaharibu. Ukishikilia pumzi, koo linajifunga, na kulifungua tena kwa wakati ni kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Fikiria bembea: inapanda, inafika juu, inarudi. Hakuna anayeisimamisha kule juu. Pumzi yako iingie na itoke hivyo, kwa mapigo: ivute kwa mapigo mawili, na pigo la tatu liwe noti. Kiasi cha kuvuta kiwe cha kukuridhisha, kisiwe cha kukujaza hadi mabegani. Mapafu yaliyojazwa sana yanataka kujikunja yenyewe na kuitoa pumzi, na wewe unataka itoke uzi. Utajikuta unapambana na kifua chako badala ya kupiga muziki. Na usiifanye pumzi ya sauti ndogo kuwa ya uvivu. Ni kidogo lakini ina mwendo, kama maji yanayopita kwenye bomba jembamba. Weka kiganja mbele ya midomo upulize kana kwamba unapoza kijiko cha uji bila kuumwaga: huo ndio ukubwa wake.

Baada ya wiki mbili hivi za "hu" tu, ulimi unaruhusiwa kurudi, na urudi kwa adabu. Piga G tano kwa "hu". Halafu tano kwa "du", lakini pumzi iwe ileile ya "hu", ulimi uiguse tu ikiwa njiani. Ukisikia tofauti kubwa kati ya "hu" na "du", ulimi unafanya zaidi ya ulivyoutuma. Ncha yake pekee ndiyo inayofanya kazi, kwa eneo dogo, nyuma ya meno ya juu pale yanapokutana na ufizi. Lakini midomo na meno ya watu havifanani, na kuna wapigaji wazuri ambao ncha ya ulimi wao hukaa chini, sehemu ya nyuma yake kidogo ndiyo inayogusa juu. Sitakulazimisha mahali. Nitakukataza mahali pamoja tu: usiupitishe ulimi katikati ya midomo. Kwa sauti kubwa wengine hulimudu hilo, ila kwenye pp unauvuruga mwanya uleule uliohangaika wiki mbili kuutengeneza.

Kwa nini "du" na si "tu"? Kwa sababu ya ule upepo unaofuata t. Sema "tu" mbele ya kiganja, kisha "du", utausikia mwenyewe. Anayetamka kama watu wa lahaja za mwambao, wanaotofautisha tembo wa mwituni na tembo la mnazi kwa ule upepo wa t peke yake, ataelewa mara moja: wa mwituni ana upepo, wa mnazi hana. Ukitaka "tu" kwenye tarumbeta, iwe ya mnazi. Kwa sauti ndogo sana hata "nu" inafaa, ingawa inaweza kulegeza mno ukiizoea.

Jambo la wakati ni zito kuliko herufi. Usiuweke ulimi mahali pake mapema ukauacha unasubiri. Hapo ndipo pumzi inapojaa nyuma yake. Uguse dakika ya mwisho, bembea inapogeuka, uondoke. Ukifanya vizuri hutahisi kwamba umepiga ulimi; utahisi kwamba umeanza kupuliza na ulimi ulikuwepo.

Simu yako itakusaidia kuliko sikio lako, kwa sababu nyuma ya mausipisi unasikia mambo mengi kupitia mifupa ya uso ambayo msikilizaji hayasikii, na mengine anayasikia yeye huyasikii wewe. Iweke mita tatu au nne mbele, rekodi noti kumi, kisha sikiliza. Programu nyingi za kurekodi huonyesha mchoro wa sauti. Noti safi inaonekana kama jani, inaanza nyembamba na kunenepa. Yenye kishindo ina kichwa cha msumari mbele. Iliyochelewa ina mkia wa vumbi kabla yake: huo ndio upepo. Nilipoonyeshwa michoro yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshafundisha miaka kadhaa, na kulikuwa na misumari mingi kuliko nilivyotarajia.

Chombo chenyewe usikisahau. Wakati fulani nilihangaika karibu mwezi mzima na noti za chini zilizokuwa zinagoma kwenye sauti ndogo, nikaongeza mazoezi, nikajilaumu, hadi mwenzangu alipoweka kidole kwenye kifuniko cha kile kitundu cha kutolea maji nikiwa napiga. Noti ikatoka kama imepakwa mafuta. Kile kizibo kidogo cha kifuniko kilikuwa kimekauka na kuvuja. Jaribu hilo, halafu jaribu na vali: bila kubonyeza, vuta nje kidogo slaidi ya vali moja, kile kibomba chake kinachovutika, subiri sekunde chache, kisha bonyeza vali hiyo. Ukisikia "pop", hewa haikuvuja. Kimya kikitawala, kuna mahali panapitisha, na kwa sauti ndogo kila uvujaji unakudai. Toa maji kabla ya kuingia, safisha mausipisi na bomba inamochomekwa. Na hapana, usinunue mausipisi mpya kwa ajili ya hili.

Usifanyie mazoezi haya na kile kizibo cha kupunguzia sauti nyumbani. Kinaongeza ukinzani, midomo inaegemea ukinzani huo, ukikitoa unajikuta huna cha kuegemea. Kama majirani ni tatizo, shukuru kwamba zoezi lenyewe ni la sauti ndogo. Na kuhusu kutetemesha midomo mitupu bila chombo, wako walimu wanaoipenda sana. Kwa tatizo hili sijaiona ikisaidia. Mwanya wa midomo mitupu si ule ulio ndani ya kikombe.

Dakika kumi zinatosha kwa siku, mwanzoni kabisa mwa mazoezi, midomo ikiwa mibichi. Midomo iliyochoka huvimba, na midomo iliyovimba haitakubali kuanza kwa uzi. Anza na G, nenda chini hadi C kwa hatua za nusu, kisha panda juu ya G noti moja kila siku mbili au tatu. Usiikimbilie E. Ukifika kwenye C ya nafasi ya tatu, kaa hapo mpaka "hu" nane kati ya kumi ziwe majani kwenye mchoro, ndipo uiguse D na kisha E.

Sasa vipimo vyako 24. Hapo wengi hupotea kabla hata ya kupuliza: wanakaa wamelipakata tarumbeta, linapoa, midomo inakauka, akili inahesabu na kuogopa kwa zamu. Tarumbeta likipoa noti zake hushuka, na wewe utaingia chini ya wenzako hata ukianza vizuri. Kwa hiyo kuanzia kipimo cha 16 hivi, pitisha pumzi ya joto ndani yake kimyakimya, mara mbili tatu, bila kutetemesha midomo. Toa maji. Lowanisha midomo. Kipimo cha 20, itafute E kichwani. C yako isiyo na vali ni "do", E ni "mi". Ishike "do" kutoka kwa bendi inayopiga, uiimbe "mi" moyoni, na uendelee kuiimba. Usipoisikia ndani, midomo itaanza gizani ndani ya nyumba isiyoijua.

Kipimo cha 23, inua tarumbeta na uweke mausipisi midomoni, mapema kuliko unavyodhani. Mdomo wa noti inayozimika, ule wa zoezi, utengeneze sasa, kabla ya pumzi. Usimtazame kiongozi wa bendi kwa jicho la kumngoja akuruhusu. Mwendo unao tayari, hesabu ndiyo inayokuongoza, mkono wake utakukuta njiani. Kipimo cha 24, mapigo mawili ya kwanza tulia na uimbe "mi". La tatu na la nne vuta pumzi kwa pembe za mdomo, bila kuufungua ule mwanya wa katikati. Bembea inageuka, "du".